Mwiba wa Mgunga na Sauti ya Siti

Nilikwenda Shinyanga kwa shughuli nyingine kabisa, kuandika habari za ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili nyasi na miti ipate nafuu, na ambayo mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliyahuisha katika mkoa uliokuwa umekaribia kugeuka jangwa. Na lau nisingalimwona asubuhi ile mzee mmoja amechuchumaa chini ya mgunga, akiokota miiba mikavu mmoja mmoja, akiujaribu kila mwiba kwa ukucha wa kidole gumba, ule uliompendeza akiutia katika kopo la ugoro na ule usiomridhisha akiutupa, ningalirudi Dar es Salaam na habari zangu za malisho nikidhani nimemaliza kazi.

Nilimwamkia, “Mwangaluka, mzee,” akaitikia bila kuinua macho. Nikamwuliza miiba ile ni dawa ya maradhi gani.

“Si dawa, mwanangu,” akasema. “Ni sindano za santuri.”

Nilimfuata nyumbani kwake, na yale niliyoyaona huko hayajaniondoka moyoni hata leo. Juu ya jiko la kuni, palipotundikwa mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, palikuwa na ungo mdogo wenye miiba ya miezi mingi, imekolea moshi, imegeuka rangi ya tumbaku, imekuwa migumu hata ikidondoshwa mezani hulia kama kokoto. Mwiba mbichi, aliniambia, haufai kitu, kwa kuwa una maji ndani yake na maji huulegeza ukapinda kabla wimbo haujafika katikati. Ulioanguka wenyewe chini ya mti na kukaa moshini msimu mmoja ndio wenye adabu. Aliutwaa mmoja, akaukata sawa na pingili ya kidole, akaushika baina ya gumba na shahada, akawa anauzungusha juu ya kipande cha msasa kilichokwisha makali, taratibu, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza badala ya kutazama, hata ncha ikawa nyembamba kiasi cha kutoonekana mwisho wake. Kisha akautia katika tundu la kichwa cha gramafoni, akakaza parafujo, akapuliza vumbi lililokuwa juu ya kiwambo cha ulanga, akalivuta lile kono la pembeni mara nyingi zisizopungua thelathini, akaiweka sahani.

Walio wengi wetu tunajua kwamba santuri za zamani zilipigwa kwa sindano za chuma, lakini mimi sikuwa najua kwa nini sindano ile ilitupwa kila baada ya upande mmoja. Sahani zile nzito, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilifinyangwa kwa lakiri, utomvu wa kidudu kinachoishi juu ya miti ya Bara Hindi, nayo lakiri ikachanganywa makusudi na unga wa mawe, ili unga huo uisage ncha ya sindano mpaka ilingane na mfuo inamopita. Basi sindano ikifika mwisho wa upande huwa imekwisha kazi yake, na mtu akiirudia, kwa ubahili au kwa umaskini, ile ncha iliyochongeka pembe huwa sasa ni patasi, na kinachochongwa ni sauti ya mwimbaji. Mwiba hauna nguvu hizo. Unapoteza ncha kabla haujadhuru mfuo, na baada ya nyimbo mbili tatu hurudi kwenye msasa.

“Chuma hula sauti,” mzee alisema. “Mwiba huliwa na sauti. Miiba ninayo ngitili nzima, lakini huyu bibi yuko peke yake.”

Bibi aliyemkusudia ni Siti binti Saad, na sina haja ya kumweleza kwa marefu kwa wasomaji wa Kiswahili, ambao wengi wao walikutana naye shuleni katika wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert: binti wa Fumba aliyetembeza vyungu vya kuuza, akaingia mjini Unguja, na mwezi Machi 1928 akavuka bahari na wenzake kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri za kampuni yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe, santuri ambazo katika miaka michache ziliuzwa nakala zaidi ya 70,000. Jambo ambalo sikuwa nimepata kulitia maanani ni kwamba mwaka huo huo wa 1928 reli iliyotoka Tabora ilikamilika kufika Mwanza, ikipita Shinyanga. Basi njia ya pamba kwenda pwani na njia ya Siti kuja bara zilifunguka kwa pamoja, na maduka ya Wahindi yaliyonunua pamba ndiyo yaliyouza santuri.

Baba wa mzee huyu hakuwa mkulima wa pamba. Alikuwa mchimbaji katika mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966, na gramafoni hii aliinunua kwa mshahara wa chini ya ardhi. “Kiswahili chake kilikuwa cha kazini tu,” mzee alinihadithia. “Beleshi, taa, haraka, basi. Maneno mengine yote aliyapata kwa Siti. Akisikia neno asilolijua humpelekea karani wa dukani, kesho yake analo. Siku moja akamwambia nyapara wake, ‘Nifanyie hisani,’ na shimo zima likacheka, kwa kuwa neno kama hilo halikuwahi kushuka mle.” Alicheka naye, kisha akanyamaza kitambo. Nilimwuliza baba yake alipenda nini katika nyimbo ambazo nusu yake hakuielewa, nyimbo za mji ambao hakupata kuuona, zenye udi na fidla, wakati kijijini kwao ngoma za Bagika na Bagalu zilikuwa zikikusanya watu wasiohesabika. Akajibu kwamba na yeye amelitafuta jibu hilo maisha yake yote, na pengine ndiyo sababu anaokota miiba.

Sahani za Siti alizonazo ni 11. Tatu zilitoka kwa baba yake. Nane amezipata kwa kuzunguka na basi kutoka Kahama hadi Nzega, kutoka Katoro hadi Geita, akiulizia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana huko kwenye dhahabu, wachimbaji wadogo wanapohamia duara jipya, vyombo vya nyumba za wazee huuzwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Moja aliikuta imefunika mtungi wa maji. Anazo pia sahani nyepesi za plastiki, za Mbaraka Mwinshehe na za Tabora Jazz, lakini hizo hazimkoseshi usingizi, kwa kuwa redio ingali ikizipiga nyimbo zake. Huzisikiliza zile 11 kwa mpango alioupanga mwenyewe, akianza na zile ambazo kwa sikio lake koo la Siti lilikuwa jipya, akimalizia na zile anazoziona za baadaye, na anaapa kuwa anaijua safari ya kwanza ya Bombay kwa namna pumzi inavyokatwa upesi, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba dakika tatu zikipita mlango unafungwa. Sina ilimu ya kumthibitisha wala ya kumkanusha. Anayoitamani kuliko zote, na ambayo hajapata hata kuigusa, ni ile ya Kijiti, kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa na cha mahakama iliyowafunga mashahidi ilhali mwuaji amevuka kwenda Mrima. “Hadithi yake nimesimuliwa na watu wengi,” alisema. “Nataka nisimuliwe na yeye.”

Hapo nilimtajia jambo ambalo baadaye nilijuta kulitaja. Siti alifariki Julai 1950, na mwaka huo huo Hugh Tracey alipita Tanganyika na mtambo wake wa kunasa sauti, akazinasa nyimbo za Wasukuma na Wanyamwezi pamoja na za makabila mengine mengi, nazo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo leo imo Chuo Kikuu cha Rhodes. Mzee aliushusha mwiba aliokuwa akiuchonga. Babu yake mzaa baba, aliniambia, alikuwa mtunzi wa Bagalu aliyewaongoza vijana wakilima kwa ngoma, jembe likishuka pamoja na neno, na hakuna hata mtu mmoja aliye hai anayeikumbuka sauti yake.

“Kwa hiyo huenda yumo humo?”

Nilisema huenda. Akaniuliza kama mtu wa Shinyanga anaweza kwenda kusikiliza, nauli yake ni kiasi gani, na akifika atamtambuaje babu ambaye hakupata kumsikia. Swali la nauli nililijibu kwa kukisia.

Jua lilipokuwa likielekea kutua alinipigia sahani ya mwisho, ambayo kibandiko chake kimeliwa na mende hata jina la wimbo halisomeki. Mwiba ulitoa sauti ya chini kuliko nilivyotazamia, bila ule mkwaruzo tuliozoea kuuita ukongwe, na katikati ya fidla na dufu alikuja yule mama, karibu sana, akisimulia jambo kwa haraka ya mwenye habari. Kisa kilipoanza kukolea upande ukamalizika. Nikangoja augeuze.

Aliugeuza, akanionyesha kwenye mwanga wa mlango: upande wa pili wote umekwanguliwa kwa msumari, duara baada ya duara, kazi ya mtoto wa nyumba fulani aliyekuwa akicheza. Mwiba hauwezi kupita hapo.

“Andika gazetini,” aliniambia akiirudisha sahani katika mfuko wake wa khaki. “Mwenye nyingine aje aisikilize hii yangu kwanza. Akiitambua, aniambie mwisho wake.”