FEDHA YA MFUKONI BAINA YA MUME NA MKE



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, nilipokuwa nikifunga mlango wa madrasa yetu hapa Tunduma, walinijia mume na mke. Mume alikuwa amembeba begani mtoto wa miaka minne aliyekwisha lala, na mke alikuwa na mchanga mgongoni. Niliwafahamu wote wawili. Mume ni kuli, hupakia na kupakua mizigo karibu na mpaka. Mke hupika vitumbua alfajiri na kuviuza kwa wapitao njia. Wakakaa mkekani, na mume akasema: "Maalim, tumekuja utuhukumu. Ndani ya nyumba yetu mna mwizi, nasi hatujui ni yupi kati yetu."

Kisa chao ni hiki. Wiki mbili kabla ya usiku ule, mtoto mchanga alishikwa na homa na kifua. Dawa aliyoandikiwa haikuwapo pale alipotibiwa, ikabidi ikanunuliwe dukani pamoja na gharama nyingine. Mume akasema hana kitu. Mke naye akasema hana kitu. Wakaenda kukopa shilingi 30,000 katika mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, kwa sharti la kurudisha shilingi 39,000 katika siku 30. Mtoto akapona, alhamdulillahi. Siku chache baadaye mume akawa anatafuta kitu jikoni, akakuta shilingi 22,000 zimefungwa kitambaani ndani ya kopo la unga. Akapandwa na hasira. Mke hakujitetea. Aliichukua simu ya mumewe, ambayo namba yake ya siri alikuwa ameijua zamani, akamwonyesha shilingi 35,000 zilizokuwamo tangu kabla mtoto hajaugua.

Basi, ndugu msomaji, lipime jambo hili. Nyumba iliyokuwa na shilingi 57,000 ilikwenda kukopa 30,000 kwa riba, na mtoto huku akikohoa.

Nilimwuliza kila mmoja fedha yake ilikuwa ya nini. Mke alisema alikuwa akipunguza shilingi 500 katika fedha ya matumizi anayoachiwa kila siku, na mara nyingine akipunguza mafuta ya mboga, ili apate baibui jipya kwa Idd, na asiende mikono mitupu kwa mama yake huko Vwawa. Mume alisema yake ilikuwa ya kahawa ya jioni pamoja na wenzake, na viatu, maana alivyo navyo vimetoboka. Hakupenda kusema kwa kuwa kila alipotaja haja yake aliulizwa, "Na sisi je?"

Nikawaambia: "Wanangu, katika hayo yote sioni haramu hata moja. Baibui ni sitara, kumzuru mama ni kuunga jamaa, kahawa ni halali, na viatu ni haja. Ninyi mmeyafanya mambo ya halali kwa njia ya wizi, kwa kuwa hapana aliyepata ruhusa kwa mwenziwe ya kuwa na kitu chake mwenyewe."

Nami sikusema hayo kwa kujitukuza. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, mke wangu aliniomba kwa Idd fedha kidogo ya hina. Nikamtaka anihesabie kwanza ile niliyompa wiki iliyopita ilikwenda wapi. Akanihesabia mpaka kibiriti, wala haikupungua hata senti. Tangu siku hiyo hakuniomba tena, nami nikadhani kuwa nimepata mke asiye na makuu. Ilipita miaka ndipo nilipojua kuwa alikuwa akikopa kwa jirani. Kosa lilikuwa langu.

KWANZA NI NAFAKA

Kabla ya kusema habari ya fedha ya mfukoni, hatuna budi kuweka msingi. Chakula, mavazi na makazi ya mke na watoto ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake. Na katika Sura ya At-Talaaq, aya ya 7, twafundishwa kuwa mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichojaliwa. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 63, yaweka wajibu huo juu ya mume. Basi mume asimwachie mke fedha ya unga na mkaa kisha akasema, "Hiyo ndiyo fedha yako ya mfukoni." Fedha ya unga ni ya nyumba, na yeye mume huula ugali huo.

Na chumo la mke ni mali yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, yatufahamisha kuwa wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Sheria ile ya 1971 nayo, katika kifungu cha 58, yasema kuwa ndoa haibadili mwenye mali. Kwa hiyo faida ya vitumbua ni ya mwenye vitumbua. Akipenda kuitoa kwa ajili ya nyumba, asidhani imepotea. Zainabu, mke wa Abdallah bin Mas'ud, alitaka kujua kama yafaa sadaka yake imwendee mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, na jawabu la Mtume (S.A.W.) likawa kwamba atapata thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Lakini sadaka hutolewa kwa hiari, na mume aitiaye chumo la mkewe katika hesabu bila ya kumwuliza, huyo hakupewa sadaka, amejitwalia.

Wako kina mama watakaonijibu kwa hadithi ya Hind binti Utba, aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) uchoyo wa mumewe Abu Sufyan, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema. Hadithi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini angalieni ruhusa ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya riziki iliyozuiliwa, tena kwa kadiri ya kutosha. Haikuwa ruhusa ya kupunguza mafuta ya mboga za watoto ili kununua baibui. Mume akitimiza nafaka, njia ya mke ni kusema, na wajibu wa mume ni kusikiliza.

SHAURI BAINA YA WAWILI

Ziko nyumba ambazo jambo hili ni zito zaidi, nazo ni nyumba zenye watoto wadogo. Hapo matumizi huongezeka na chumo la mama hupungua, kwani mwenye kunyonyesha hawezi kukaa gengeni kama alivyokuwa akikaa. Ndipo mama huanza kujinyima mpaka anajisahau, na baba huanza kuficha. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anapotaja mama anyonyeshaye na baba mwenye juu yake chakula na mavazi yao, anataja pia kuwa wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, na wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa ni jambo la kushauriana, je, fedha inayomlisha mama yake itakuwaje ni siri ya mmoja?

Na hapa petu Tunduma siri ni nyepesi sana. Mji wetu uko njiani, malori yaendayo Zambia na Kongo yapita mlangoni mwetu, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Mtu huweza kupata shilingi asubuhi na kwacha jioni, na chumo la leo si chumo la kesho. Tena tangu fedha za simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mfuko wa mtu hauonekani. Zamani mke aliufua mfuko wa kanzu akajua. Leo mfuko umefungwa kwa tarakimu nne.

Wengine husema mzazi mwenye watoto wadogo hana haki ya kitu cha nafsi yake, vyote ni vya watoto. Hao na wakumbuke kisa cha Salman na Abu Dardaa. Salman alimzuru nduguye, akamwona mkewe amevaa mavazi ya kujiachia, kwani mumewe hakushughulika na dunia. Salman akamfundisha kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na ahali wana haki. Kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli.

KIPIMO CHA KILA NYUMBA

Wale vijana wangu niliwaambia hivi. Kwanza, kwa zile shilingi 57,000 walipe deni lote la 39,000, watubie riba, na zile 18,000 zilizobaki ziwe kopo la maradhi, lisilofunguliwa ila kwa ugonjwa, tena wote wawili wakijua. Pili, kila Ijumaa baada ya sala waketi waihesabu wiki. Walikisia kuwa mume huleta kiasi cha shilingi 70,000 kwa wiki. Tukaigawa pale pale mkekani: chakula 42,000, yaani 6,000 kwa siku, kodi ya chumba 7,000, mkaa, maji na sabuni 7,000, watoto na madrasa 3,000, kopo la maradhi 5,000. Zikabaki 6,000. Hizo ndizo fedha ya mfukoni, 3,000 za mume na 3,000 za mke, na faida ya vitumbua ikabaki kwa mke kama ilivyo haki yake.

Mume akauliza, "Kwa nini sawa kwa sawa, na hali mimi ndiye niliyebeba magunia?" Nikamjibu kuwa kiasi hicho si fardhi iliyoandikwa, ni mapatano. Lakini na apime: yeye akibeba magunia, ni nani abebaye watoto? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikata shauri kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Akainamisha kichwa, akakubali.

Mwenye mshahara na afanye hesabu hiyo siku ya mshahara, kabla ya kupita dukani. Mkulima wa kahawa wa Mbozi, au wa mpunga wa Momba, ambaye fedha humjia kwa msimu, yeye ana mtihani mkubwa zaidi, maana baada ya mauzo kila mtu ni tajiri, na mvua zikianza kila mtu ni maskini. Huyo na aigawe kwa miezi 12. Akijaliwa kubakiwa na shilingi 2,400,000, na wakapatana shilingi 10,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, hiyo ni 240,000 kwa mwaka, fungu moja katika kumi. Na iwekwe kando mapema, kabla ya shangwe za mavuno.

Tena yako masharti manne. La kwanza, mwenye fungu lake asiulizwe amelifanyia nini, wala asidhihakiwe. La pili, kutoulizwa na mwenziwe si kutoulizwa na Mola wake. Kamari ni haramu katika Sura ya Al-Maaida, aya ya 90, na huku kubeti kwa simu kulikoenea kwa vijana wetu ni kamari, hata ikiwa ni kwa shilingi 500. La tatu, wiki ikiwa mbaya, mafungu yote mawili yapunguzwe pamoja. La nne, maradhi ya mtoto yakizidi kopo, mafungu yote mawili yafunguliwe, kabla ya mtu kwenda kwa mkopeshaji.

Najua yuko atakayesema, "Maalim, nyumbani kwangu hata chakula hakitoshi, fedha ya mfukoni itatoka wapi?" Kwa huyo jawabu ni fupi. Kama haipo, basi isiwepo kwa wote wawili. Asiketi baba barazani akinywa kahawa na hali mama anaambiwa hakuna. Wakinyimika pamoja huku kila mmoja akijua, hiyo ni subira. Lakini akinyimika mmoja tu, hiyo ni dhuluma.

Wale wawili walinirudia baada ya miezi mitatu, na kisahani cha vitumbua kimefunikwa. Mume alikuwa amevaa viatu vipya. Akaniambia fungu lake halikutosha, mkewe akamwongezea 4,000 katika faida yake bila ya kuombwa. Mke akatabasamu, akasema baibui bado, lakini Idd nayo bado. Nikawauliza habari ya kopo la maradhi. Wakajibu kwa pamoja kiasi kilichomo, na hesabu zao zikalingana.

Basi, ndugu yangu, Ijumaa hii ukirudi msikitini, keti na mwenzio kabla hamjatawanyika, mwambie ulicho nacho, naye akwambie. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, aondoe riba katika nyumba zetu, na atie baraka katika kidogo tunachogawana kwa kuridhiana. Amin.