Mizizi Haioteshi Figo

Swali ni lile lile, kutoka Kitengela hata mjini Kajiado: "Daktari, ni mizizi gani inayosafisha figo na kuziotesha upya?" Aghalabu muulizaji amekwisha kununua chupa ya maji ya kahawia kando ya barabara ya Namanga, na jibu langu ni moja: hakuna.

Huniletea ushahidi wa jirani aliyeharisha hata mkojo ukakatika, akanywa chupa, na baada ya majuma machache akapona. Kupona ni kweli. Sababu ni batili. Damu inapopungua figoni, seli zilizotanda ndani ya mirija yake hufa kwa wingi. Lakini zilizosalimika, madhali utando unaozibeba haukuraruka, hujivua umbo lao la kazi, hulala bapa, hugawanyika, huziba mapengo, kisha huvaa tena umbo la awali na kurudia kazi ya kunyonya maji na chumvi. Haya hutendeka mgonjwa akirudishiwa maji mwilini na kuondolewa kinachomdhuru, anywe chupa asinywe. Muuzaji ametwaa sifa isiyo yake.

Ama machujio, hayo hayana bahati hiyo. Nefroni zote za mtu, yaani kila chujio na mrija wake, hutengenezwa tumboni mwa mamaye, na baada ya takribani juma la 36 la mimba haongezewi hata moja. Na podosaiti, seli zenye miguu zinazokumbatia mishipa ya chujio, ni nadra mno kugawanyika. Kisukari na presha vikiziangamiza, mahali pake hukaa kovu, nalo kovu haligeuzwi chujio kwa mzizi wowote.

Wala mkojo mwingi si dalili ya kupona, kwani hata chai hukojoza.

Tena chupa yaweza kuwa ndiyo jeraha. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliomeza mitishamba ya kupunguza unene, iliyoingiliwa na mmea wa aristolokia, waliharibikiwa figo, na baadhi yao wakapatwa na saratani ya njia ya mkojo. "Ni ya asili" si hoja.

Yafaayo ni haya: mwenye kisukari au presha apime kreatinini ya damu na protini ya mkojo kila mwaka, na ameze dawa zake, diklofenaki isiliwe kila siku kwa maumivu ya mgongo, anayeharisha anywe ORS, na mkojo ukipungua akimbilie hospitali. Figo zikishindwa kabisa, kuna mashine ya kusafisha damu, kuna na kupandikizwa figo, Nairobi hapo. Na yeyote anayekushauri uache mashine ili unywe mizizi, mkatae, hata akiwa ndugu yako wa damu.