Jinsi ya Kuunga Mabawa na Miguu ya Ndege ya Rimoti



Miongoni mwa zawadi ambazo vijana wetu huletewa na ami na wajomba zao walioko Maskati na Dubai ni ndege za rimoti. Ndege hizi hufika zikiwa vipande ndani ya boksi: kiwiliwili, mabawa mawili, mkia, magurudumu na kipakiti cha skurubu. Mara nyingi hamu ya kuirusha huwa kubwa kuliko subira ya kuiunga. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona tueleze kazi mbili zinazoamua kama ndege itapaa na kurudi salama, nazo ni kuunga mabawa na kufunga miguu ya kutulia.

Tunayoizungumzia ni jeti ndogo ya povu gumu, ambayo haina panga la nje bali ina feni ya umeme ndani ya mwili wake. Wazazi wasiidharau. Chombo cha kilo moja kinachoweza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa, bawa likichomoka, kinaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Kupaa na kutua

Mwaka 1937 ndugu mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff wakiiongoza kwa mawimbi ya redio. Lakini hamu ya kuruka ni ya zamani zaidi. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, amesimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyefariki mwaka 887, kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka, kisha akaumia alipotua kwa sababu hakujitengenezea mkia. Funzo lake ni wazi: kupaa ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kutua.

Kwanza: Mabawa

Tandika kitambaa safi juu ya meza na uhesabu vipande vyote kabla ya kuanza. Chukua bomba la kaboni na ulipitishe katika tundu la kiwiliwili mpaka litokeze sawasawa pande zote mbili. Bomba hili ndilo uti wa mgongo wa mabawa. Ndege inapokata kona ikiwa imelala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba mara mbili ya uzito wake. Povu peke yake haliwezi mzigo huo, ndiyo maana haifai kuliacha bomba au kulibadilisha na kijiti.

Kabla ya kusukuma bawa, pitisha nyaya zake ndani ya kiwiliwili ili zisibanwe. Kisha sukuma bawa mpaka pasionekane mwanya, na ukaze skurubu kwa bisibisi ya mkono. Ukikaza kupita kiasi povu litabonyea. Kama kijitabu kinataka gundi, tumia ile iliyotajwa, na uijaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi, kwani baadhi ya gundi huyeyusha povu.

Halafu chukua futi ya kamba na upime kutoka ncha ya kila bawa hadi ncha ya mkia. Vipimo viwe sawa. Bawa moja likiwa nyuma ya jingine, ndege itavuta upande siku zote.

Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa kuna kibawa kidogo kinachochezeshwa na mota ndogo iitwayo sevo. Chomoa kwanza waya wa feni, kisha washa rimoti na baadaye ndege. Sukuma kijiti kulia: kibawa cha kulia kipande juu na cha kushoto kishuke. Ikiwa ni kinyume, geuza katika rimoti. Ndege nyingi huanguka sekunde za mwanzo kwa kosa hili moja.

Pili: Miguu ya kutulia

Miguu ni mitatu, mmoja puani na miwili chini ya mabawa. Miwili hii hukaa nyuma kidogo ya mahali uzito wa ndege unapokutana. Ingekuwa mbele ya mahali hapo, ndege ingekalia mkia. Na ingekuwa nyuma mno, pua isingenyanyuka wakati wa kupaa.

Gurudumu hushikwa na kiskurubu kidogo kinachobana ekseli. Hakikisha kimekaa juu ya sehemu iliyosawazishwa kwa tupa, la sivyo mtikisiko utakilegeza na gurudumu litadondoka. Mguu wa puani huunganishwa na sevo ili ugeuke. Uweke katikati, kisha isukume ndege sakafuni mita chache. Ikienda mrama, rekebisha mpaka iende moja kwa moja.

Kama miguu ni ya kukunja, iweke ndege juu ya stendi na uikunje na kuikunjua mara kumi. Pasiwe na gurudumu linalogusa povu wala waya unaobanwa.

Tatu: Mizani

Kazi yote hii hubatilika kama mizani haikupimwa. Weka betri mahali pake, kisha inyanyue ndege kwa vidole viwili kwenye alama zilizotajwa katika kijitabu. Ilale sawa, au pua iiname kidogo. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Ndege nzito puani huruka kwa uvivu, lakini nzito mkiani haitawaliki.

Kabla ya kurusha

Urushaji ufanyike uwanja mpana usio na watu, mbali na viwanja vya ndege, mtu mzima akiwepo. Ulizeni kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yenu kuhusu kibali. Betri za lithiamu zisichajiwe usiku watu wamelala, kwani zikiharibika huwaka moto. Kila mara kabla ya kupaa, vuta kila bawa kwa mkono na ukague kila gurudumu. Ni kazi ya dakika mbili, na huenda ikamwokoa mtoto wa jirani aliyekuja kutazama.