Kujiweka Tayari Nyumbani Kimbunga Kijapo

Sisi watu wa visiwani twaijua kusi na kaskazi tangu utoto, kwa hiyo tukiambiwa kwamba kimbunga chaja, wengi wetu husema, "Ni upepo tu." Unguja ilijifunza vingine mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kilipovunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi sana. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia. Kwetu hutokea mara chache, kwa kuwa karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo huupinda upepo hata ukazunguka, ni dhaifu. Uchache huo ndio unaotusahaulisha.

Basi tahadhari ikitangazwa, tuanze na maji, wala si paa. Bahari ikipanda huingia visimani, na kisima kikishapata chumvi hakinyweki kwa siku nyingi. Mitungi yote ijazwe na kufunikwa. Kisha paa la makuti lifungwe kwa kamba za usumba kutoka upande huu hata ule, na bati lililolegea lipigwe misumari, maana likiruka hukata kama panga. Ndoo, mbao na ngazi ziingizwe ndani. Muhogo upikwe mapema. Viberiti vitiwe katika chupa yenye kizibo. Ambao nyumba zao ziko chini, karibu na pwani, waondoke kungali mchana waende penye mwinuko, wazee na watoto kwanza.

Liko jambo moja tuliogopalo kuliko ngurumo zote. Huenda upepo, baada ya kuvuma kwa saa nyingi, ukanyamaza ghafula, pengine hata nyota zikaonekana. Watu hufungua milango, na watoto hukimbilia nazi zilizoanguka. Kumbe hapo ni katikati ya kimbunga, panapoitwa jicho. Muda si muda upepo hurudi kwa nguvu zile zile, lakini kutoka upande wa pili. Na mlango uliokuwa umekingika ndio utakaopigwa sasa. Kwa hiyo tukae ndani mpaka itangazwe kwamba kimbunga kimepita. Baba mwenye ngalawa atataka mno kwenda kuitazama. Mama na akae karibu na komeo.