Mbegu ya Pilipili Hoho Hutoka Katika Tunda Jekundu

Ndugu mkulima, labda umepata kudhani kwamba pilipili hoho ya kijani na ile nyekundu ni za aina mbili. Sivyo. Ya kijani ni tunda bichi. Ukiliacha kwenye mmea majuma 3 au 4 zaidi, litageuka jekundu au manjano, kwa kadiri ya aina yake. Sisi huchuma mbichi kwa sababu mmea unaochumwa mara kwa mara huzidi kutoa maua. Ni biashara njema, lakini usitafute mbegu humo.

Mkulima mmoja wa skimu alipasua hoho za kijani zilizobaki sokoni, akazipanda mbegu zake kitaluni. Alimwagilia majuma 3. Miche iliyoota haikujaza hata kofia, na mvua ikampita. Yeye alilaumu sisimizi! Kumbe mbegu zilikuwa hazijakomaa.

Chagua mmea wenye nguvu usio na ugonjwa, uufunge kitambaa ili watoto wasiuchume. Tunda likiiva lote, toa mbegu, uzianike kivulini mpaka zikatike ukizikunja. Lakini kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, hiyo ni mbegu ya chotara. Usijisumbue kuitunza, maana watoto hawatafanana na mama, nunua nyingine.

Je, pilipili kali iko karibu? Ua la hoho huweza kujichavusha lenyewe, ila nyuki hupita huku na huku. Wengi husema hoho zitawasha msimu huo huo. La. Tunda la sasa litabaki tamu. Mbegu iliyo ndani ndiyo iliyochanganyika, na utakapoipanda huenda ukachuma hoho za kuwasha. Mnunuzi akiungua ulimi mara moja, hatarudi kwako. Basi panda kali mbali na hoho za mbegu.

Kitaluni fukia mbegu kina cha nusu inchi. Penye joto huota kwa siku 8 hadi 14. Penye baridi huchelewa, kwa hiyo usifukue kuchungulia. Hamisha miche baada ya majuma 6 hadi 8, wakati wa jioni, ukiacha futi moja na nusu kati ya mche na mche. Usiipande palipotoka nyanya, viazi wala biringanya: hizo zote ni ukoo mmoja na hoho, na ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni ukiingoja.