Fahamu: Namba ya kwenye kiungo inavyogeuka kuwa habari kamili

Mtu anabofya kiungo kinachoishia na /habari/42. Kwa kompyuta, hiyo 42 ni tarakimu mbili tu. Inaweza kuwa bei au umri wa mtu. Zamani mwandishi wa programu aliigeuza kwa mkono: soma namba, uliza hifadhidata, ukikosa toa ujumbe wa 404, yaani “haikupatikana”. Mistari ile ile, kila ukurasa. Inachosha.

Symfony, fremuweki ya PHP iliyozaliwa Ufaransa mwaka 2005, huikabidhi kazi hiyo kwa huduma maalumu. Unaandika tu kwamba fanksheni yako inahitaji Habari. Kabla haijaanza, huduma imeshaitafuta na kuileta, na kichwa chake na tarehe yake. Isipopatikana, 404 inajitoa yenyewe. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2022, uwezo huu umo ndani ya Symfony yenyewe. Awali ulihitaji kifurushi cha nyongeza.

Ila chunga. Huduma hiyo huleta, haiulizi anayeomba ni nani. Usipoweka ukaguzi wa ruhusa, mtu akifuta 42 akaandika 43 ataletewa ya 43, hata kama ni rasimu ya mwenzake.