Je, Wajua? SSD Ndogo, Kompyuta Kuukuu

Je, wajua kwamba kompyuta kuukuu inapochelewa kuwaka, mara nyingi prosesa yake imekaa bure? Inasubiri diski. Ndani ya diski ya kawaida ya laptopu mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kichwa cha kusomea husogea kwanza, kisha hungoja data ipite chini yake. Data ikiwa imetawanyika, diski hiyo haifikishi hata visomo 100 kwa sekunde, na Windows ikiwaka huhitaji maelfu. SSD, yaani diski ya kielektroniki, haina kinachozunguka; hufikia data popote ilipo kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Je, wajua kwamba hata tundu la SATA la zamani, linaloishia megabaiti 300 kwa sekunde, linafaa? Kuna wanaokatishwa tamaa kwa sababu SSD nyingi za SATA hufika 550. Wasikubali. Kinachochosha ni kungoja faili ndogondogo, na kungoja huko hupungua mno hata kwenye tundu hilo.

Wajua GB 120 zinatosha? Weka humo mfumo endeshi na programu. Picha na filamu zibaki kwenye diski ya zamani. Kwa laptopu yenye nafasi moja ya diski, fundi anaweza kutoa kisomeo cha DVD na kuweka fremu ya kubebea diski ya pili.

Je, wajua kwamba mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, iliyokuja kuitwa SanDisk, iliiuzia IBM SSD ya megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000? Megabaiti 20 tu! Kumbukumbu ya flash yenyewe, ambamo SSD huhifadhi data, ilivumbuliwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba, akaitangaza mwaka 1984. Anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana.

Bei ya SSD ilipokuwa bado kali, Intel ilileta mwaka 2011 mbinu ya kutumia SSD isiyozidi GB 64 kuhifadhi nakala za data inayoombwa mara kwa mara, huku diski kubwa ikibaki na kila kitu. Mfumo endeshi wa Linux ukapata mbinu kama hiyo, bcache, mwaka 2013. Siku hizi ni rahisi zaidi kuweka mfumo wote kwenye SSD.

Je, wajua kwamba SSD haihitaji kupangwa upya faili zake kama diski ya kuzunguka? Kuipanga hakuongezi kasi ya maana, kunaichakaza tu, kwani kila seli huvumilia kufutwa mara zenye kikomo. Inachohitaji ni amri ya TRIM, inayoiambia data ipi imefutwa. Windows XP haiijui. Windows 7 ya mwaka 2009 ndiyo ya kwanza kuijua, lakini nayo haipati tena marekebisho ya usalama tangu Januari 2020. Kwa mashine dhaifu, Linux nyepesi ni chaguo bora.

Hata hivyo, SSD haiongezi RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Mwenye GB 2 atafute kwanza kuifikisha 4 au 8, mashine ikiruhusu.

Na wajua SSD inaweza kufa ghafla, bila ule mkwaruzo wa onyo wa diski ya zamani? Kama diski ya zamani imetolewa kwenye mashine na bado ni nzima, itiwe kwenye kasha la USB na kila wiki kazi zako zinakiliwe humo.